Insha: Kumsaidia Mhamiaji Kupata Kazi

Swali: Eleza jinsi huduma zinazotolewa na jamii mashinani zinavyoweza kuwasaidia wahamiaji kupata kazi nchini Kenya. (alama 20)

Lielewe swali

Neno kuu ni *jinsi*. Ukijaza kurasa mbili kwa matatizo ya wahamiaji, utakuwa umejibu swali lingine. Kumbuka pia kwamba mkimbizi hutoroka kwao kwa kuhofia vita au mateso, ilhali mhamiaji anaweza kuhama kwa hiari akitafuta riziki.

Hoja unazoweza kutumia

1. *Ushauri wa kisheria.* Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Hata hivyo, haki usiyoijua haikufai. Mashirika humweleza haki hiyo na kumsaidia kuomba kibali cha kazi cha Daraja la M.

2. *Mafunzo ya lugha.* Fundi cherehani kutoka Bujumbura huenda anajua Kirundi na Kifaransa tu, ilhali wateja wake wa Nairobi hupatana bei kwa Kiswahili.

3. *Utambuzi wa vyeti.* Muuguzi aliyesomea ng'ambo huhitaji kuelekezwa kwa mamlaka husika ili vyeti vyake vitambuliwe.

4. *Mtaji.* Chama cha akiba humkopesha mgeni asiye na dhamana ya kupeleka benki.

5. *Udhamini.* Mwajiri huuliza, "Nani anakujua?" Mgeni hana jibu. Kanisa, msikiti au kikundi cha mtaa kikimjua, kitamsemea. Hoja hii husahaulika, nayo ina uzito: wengi hukosa kazi si kwa kukosa ujuzi, bali kwa kukosa wa kuwasemea.

Kuza hoja yako

Linganisha:

*Dhaifu:* Wahamiaji wafundishwe lugha.

*Imara:* Kikundi cha mtaa kikiandaa masomo ya Kiswahili jioni, fundi mgeni ataweza kuelewana na wateja, apate kazi zaidi na kujitegemea.

Sentensi ya pili inataja mhusika, tendo na matokeo. Fanya hivyo katika kila aya.

Hitimisho

Usirudie hoja zote. Onyesha faida kwa pande zote mbili: mgeni anapata riziki, mtaa unapata fundi, muuguzi au mfanyabiashara. Methali *Mgeni njoo, mwenyeji apone* inafaa hapa.

Zoezi

Chagua hoja ya 3 au ya 4, uikuze kwa aya moja ya sentensi tano.