Chumvi, Maji na Utando wa Seli

Wewe unayekaa Kengeja bila shaka umeona samaki akitiwa chumvi. Hupasuliwa, akatiwa chumvi nyingi, kisha akawekwa. Ukirudi baada ya saa chache, unakuta maji chini yake. Hakuna mtu aliyemwaga maji pale. Maji yale yametoka ndani ya nyama. Yamevutwa na chumvi.

Yamepita wapi? Nyama ya samaki, jani la mkarafuu na mwili wako vimejengwa kwa vyumba vidogo sana viitwavyo seli. Kila seli imezungukwa na utando. Utando huo ni tabaka mbili za mafuta, nao ni mwembamba mno. Ukipanga tando 10,000, moja juu ya nyingine, unene wake utakaribia ule wa unywele mmoja.

Utando si ukuta mtupu. Una milango, na kila mlango una kazi yake. Maji hupita kwa urahisi, yakaenda kule kwenye chumvi nyingi. Lakini chumvi na sukari haziwezi kupenya mafuta. Hizo hungoja milango yao.

Sasa tutazame utumbo wa mtu. Seli zake zina mlango mmoja wa ajabu. Mlango huo huingiza sukari na chumvi kwa pamoja. Moja ikija peke yake, mlango haufanyi kazi. Zikiingia zote mbili, maji huzifuata mpaka ndani ya mwili.

Mtu akipata kipindupindu, sumu ya vijidudu hufungua mlango mwingine na kuuacha wazi. Chumvi ya mwili hutoka, na maji huifuata. Mgonjwa huharisha choo kama maji yaliyooshewa mchele. Anaweza kufa kwa saa chache tu. Tangu mwaka 1978 ugonjwa huu umeingia Zanzibar mara nyingi.

Hata hivyo, ule mlango wa sukari na chumvi hauharibiki! Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, wakimbizi wengi waliugua kipindupindu katika kambi za India. Maji ya kutia mshipani hayakutosha. Daktari Dilip Mahalanabis akawanywesha maji yenye sukari na chumvi. Kwanza walikuwa wakifa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Baadaye walikufa chini ya 4.

Kwa hiyo mtoto akiharisha usimnyime maji, hata kama jirani atakwambia kuwa yatamzidisha. Mpeleke kituo cha afya upate pakiti ya dawa ya kuchanganya na maji. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Onja kwanza. Yasizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha uanze tena. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kwa nini tunapima hivyo? Mkumbuke yule samaki. Chumvi ikizidi, itayavuta maji kutoka katika seli za mtoto.

Maswali

Je, maji ya chumvi bila sukari yatamfaa anayeharisha? Mweleze mwenzako sababu.

Nyumbani kwako, kipimo cha lita moja ni chombo gani?