SOMO LA MIFUGO: Kutayarisha Majani Mabichi ya Sungura

Merti ni mji wa ngamia, ng'ombe na mbuzi. Sungura ni mgeni. Mara nyingi hufugwa uani na watoto, na hulishwa na kila anayepita. Mtu aliyezoea mbuzi humtupia sungura majani mengi kwa nia njema, na asubuhi akamkuta amelala ubavu, tumbo limejaa gesi.

Mbuzi hucheua, na akivimbiwa mfugaji anajua la kufanya. Sungura hacheui wala hawezi kutapika. Kilichoingia lazima kipite utumbo wote, na kinachokisukuma ni nyasi kavu. Kwa hiyo nyasi kavu safi, isiyo na ukungu, iwepo mchana na usiku. Nyasi hiyo pia husaga meno yake, ambayo hayaachi kukua. Majani mabichi ni kitafunio tu: konzi mbili kwa siku zinamtosha sungura mkubwa wa kilo 2.

Wengi wetu hupata mboga zilizosafiri kwa gari kutoka Isiolo mjini, zikiwa zimefungwa ndani ya gunia. Kabla ya kununua au kupewa masalio ya sokoni, ingiza mkono katikati ya gunia. Ukihisi joto, majani yameanza kuchacha. Usimpe sungura hata yakionekana ya kijani. Majani yaliyovunwa siku hiyo kwenye mashamba ya kumwagilia kando ya Ewaso Nyiro ni bora zaidi, ila muulize mkulima alinyunyiza dawa ya wadudu lini. Kama ni juzi au jana, yaache.

Ukifika nyumbani, toa majani yaliyooza na ya manjano. Osha ndani ya beseni moja, mara mbili, ukitumia maji kidogo. Maji hayo mwagia miche yako ya kunde. Kung'uta, kisha tandaza majani membamba juu ya ungo au gunia safi, kivulini penye upepo. Kwa joto letu saa moja au mbili zinatosha. Yanatakiwa kulegea na kukauka maji ya juu, si kuungua. Usiyarundike, kwani rundo hujipasha joto lenyewe. Mpe jioni baada ya Magharibi, wakati hewa imepoa na sungura ameamka kula. Yatakayobaki asubuhi yaondoe.

Majani ya kunde, majani ya viazi vitamu, dania, nanaa, rehani na majani ya karoti yanafaa, na ni vizuri kuyachanganya. Sukuma wiki iwe kidogo, maana ikizidi huleta gesi. Spinachi pia isiwe ya kila siku. Jani jipya lianze peke yake, kipande kidogo, kisha tazama kinyesi kesho yake: kikiwa vidonge vikavu vya mviringo, endelea, kikilainika, rudi kwenye nyasi pekee. Sungura aliye chini ya miezi 3 asiharakishwe kupewa mboga.

Majani ya waru na ya nyanya, majani na maganda ya avokado, vitunguu na mbarika ni sumu kwake. Maganda ya avokado ndiyo yanayotutia wasiwasi zaidi, kwa sababu hutupwa nje ya vibanda vya juisi na watoto huyaokota wakidhani ni zawadi. Karoti yenyewe, ndizi na tende zina sukari nyingi. Kipande kama ncha ya kidole, mara moja moja, kinatosha, hata mwezi wa Ramadhani tende zikiwa tele nyumbani. Anjera na mkate asipewe kabisa.

Maji safi yasikosekane hata kama amekula majani mabichi. Joto likipita nyuzi 30, sungura huteseka upesi, na asiyekunywa huacha kula.

Sungura asiyekula wala kutoa kinyesi kwa nusu siku ni mgonjwa wa dharura. Usisubiri kuona kesho itakuwaje. Ondoa majani yote, mwachie nyasi na maji, umweke kivulini, kisha mwone afisa wa mifugo aliye karibu nawe siku hiyo hiyo. Mweleze alikula nini na saa ngapi. Ukiweza, beba jani lililobaki.