Muungwana ni nani?



Hivi karibuni nilihudhuria kikao cha posa hapa Ujiji. Kijana alikuwa na dini, kazi na adabu. Mzee mmoja wa upande wa binti akauliza: "Lakini hawa ni waungwana?" Hakuwa akiuliza tabia. Alitaka kujua kama mababu wa kijana waliletwa kutoka Manyema wakiwa watumwa. Posa ikaishia hapo.

Niliondoka nikilifikiria neno lile. Zamani, katika miji ya pwani, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa. Waarabu wana neno hurr kwa maana hiyo, nalo limo katika Surat al-Baqara, aya ya 178.

Karne ya 19 misafara ya pembe ililileta neno hilo Ujiji, na maana ikapanuka. Wapagazi na askari wa misafara, wakiwemo watumwa wa matajiri wa pwani, walijiita waungwana. Watu wa Manyema walioletwa huku wakasilimu, wakazungumza Kiswahili, nao wakajiita hivyo hivyo. Stanley, aliyefika Ujiji mwaka 1871, aliwaandika watu wa misafara kwa jina la "Wangwana". Ng'ambo ya ziwa, mashariki ya Kongo, Kiswahili chenyewe kikaitwa Kingwana.

Leo maana imesogea tena. Muungwana ni mtu mwenye adabu, ndiyo maana tunasema uungwana ni vitendo. Hata hurr ya Waarabu hubeba pia maana ya mtu mwenye murua.

Basi mzee yule alilirudisha neno mahali ambapo wazee wa Ujiji wenyewe walikwishalitoa. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, lakini katika vikao vyetu vya ndoa bado tunauhesabu kwa vizazi.

Mtume (SAW) ametufundisha kwamba akitujia mtu tunayeridhia dini na tabia yake, tumuozeshe. Na Surat al-Hujurat, aya ya 13, inatueleza kuwa mbora wetu mbele ya Allah (SW) ni mwenye kumcha zaidi.

Bilal (RA) alikuwa mtumwa kabla ya kuwa muadhini wa Mtume. Angekuja kuposa Ujiji leo, tungemuuliza nini?

Wabillahi tawfiq.