Dondoo muhimu: Sukuma wiki na samaki kwa maji yaleyale

Kamba wa maji baridi wa Marekani waliingizwa Ziwa Naivasha mwaka 1970, wakatafuna mayungiyungi na mimea mingine ya majini. Tafadhali usiwalete kisiwani Mfangano kuwafuga kwenye pipa: hutambaa hata nchi kavu, na Ziwa Victoria liko mlangoni. Fuga ngege au kambare.

Pipa la samaki likae chini, kitanda cha kokoto chenye sukuma wiki juu. Pampu ndogo ya sola ipandishe maji, yarudi yenyewe. Bakteria wa kwenye kokoto hugeuza amonia ya samaki kuwa naitreti, mbolea ya mboga. Wape bakteria hao wiki kadhaa wazaliane kabla hujajaza samaki. Lisha kinacholiwa kikaisha kwa dakika chache. Samaki wakihemea juu alfajiri, acha kulisha, badilisha sehemu ya maji. Dawa ya wadudu usinyunyize kabisa.