Kuchagua Mada za Kazi za Mikono katika Karakana ya Jamii

Karakana ya jamii ni nyumba ya kazi iliyo wazi kwa watu wa mtaa, yenye zana na mashine ambazo ni vigumu mtu mmoja kuzinunua peke yake. Fikra hii si ngeni, lakini ilipata nguvu mpya baada ya mwaka 1998, wakati Neil Gershenfeld wa Chuo cha Teknolojia cha Massachusetts, Marekani, alipoanza kufundisha somo la namna ya kutengeneza karibu kila kitu. Kufikia mwaka 2004 karakana ya mtindo huo ilikuwa imefunguliwa Takoradi, Ghana. Leo karakana za namna hii zimo pia katika miji ya Afrika Mashariki, na walimu wa sayansi hutakiwa kuzitafutia kazi za kufanya.

Hapo ndipo ugumu unapoanza, kwani mara nyingi zana hutangulia na mada zikafuata. Mashine ya kuchapa vitu vya plastiki inapowasili, somo la kwanza huwa ni kuchapa kishikio cha funguo. Vijana thelathini huizunguka mashine moja, ambayo huweza kuchukua saa nzima au zaidi kutoa kitu chenye ukubwa wa kiberiti. Mmoja hubonyeza, ishirini na tisa hutazama. Haishangazi wakipungua juma la pili, na mashine ikafunikwa kitambaa. Mashine hiyo ina kazi yake, mathalani kutengeneza kitufe kilichopotea cha redio, walakini mwanafunzi atainufaika baada ya kujua anachokitafuta.

Mada ifaayo ni ile iliyobeba swali lisiloweza kujibiwa ila kwa kupima. Ustadi wa mikono peke yake hupatikana kwa fundi wa mtaani, tena kwa ubora zaidi. Hesabu peke yake hupatikana darasani. Karakana hustahili gharama zake pale mambo haya mawili yanapokutana juu ya meza moja.

Mfano mzuri ni jiko la mkaa. Jiko la bati lenye kikombe cha udongo ndani yake lilienea kutoka Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lilibuniwa kwa kuigiza jiko la ndoo la Thailand, kisha likapewa kiuno chembamba ili udongo ukae imara. Kila mwanafunzi amesikia kwamba jiko hilo hubana matumizi ya mkaa kuliko jiko la bati tupu. Swali la karakana ni hili: hubana kwa kiasi gani, na katika mapishi yapi?

Vifaa vinavyohitajiwa ni mizani inayosoma gramu, kipimajoto, sufuria mbili zilizo sawa na majiko mawili. Jiko lenye mkaa uliokwisha kushika moto hupimwa uzito likiwa juu ya kigae, ili mizani isiungue. Sufuria yenye lita 2 za maji huwekwa motoni, na maji yakianza kuchemka jiko hupimwa tena. Tofauti ya uzito ndiyo mkaa ulioungua. Kazi hii ifanyike nje, kwa kuwa mkaa hutoa kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu.

Hesabu yake ni nyepesi. Kilo moja ya maji huhitaji kilojuli 4.2 ili ipande kwa nyuzi moja ya sentigredi. Maji ya lita 2 yakitoka nyuzi 25 hadi 100, yamepokea 2 × 4.2 × 75, yaani kilojuli 630. Gramu moja ya mkaa mkavu ikiungua hutoa kilojuli 29 hivi. Ikichukuliwa kwamba gramu 90 zimeungua, joto lililotoka ni kilojuli 2,610, na sehemu iliyofika majini ni asilimia 24. Robo tatu ya mkaa ulionunuliwa imepasha hewa, bati na ukuta wa jikoni. (Mwalimu wa Arusha asishangae kipimajoto kikikataa kufika 100. Mji huo uko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka huko kwenye nyuzi 95 hivi. Swali hilo laweza kuchukua kipindi kizima, na lichukue.)

Jambo la kufurahisha ni kwamba jiko la udongo laweza kushindwa katika jaribio hili fupi. Udongo nao hupashwa joto kabla ya kuanza kulihifadhi. Kilo 3 za udongo, ambao kila kilo yake hutaka kilojuli 0.9 hivi kwa kila nyuzi, zikipanda kwa nyuzi 200 hunywa kilojuli 540, kiasi kinachokaribia joto lote lililohitajiwa na maji. Mwanafunzi aliyekuja akiamini kwamba jiko la udongo hushinda daima hana budi kurudia jaribio kwa sufuria ya maharage ya saa mbili, wakati udongo umekwisha kushiba joto. Hapo atapata maneno ya kumweleza mama yake nyumbani, pamoja na hesabu ya fedha, kwa maana anajua bei ya kopo la mkaa.

Mada ya pili ifaayo ni taa ndogo ya betri, na ubora wake uko katika jambo jingine: kosa lake ni rahisi kulipia. Diodi itoayo mwanga mweupe, ile inayoitwa madukani balbu ya LED, hutaka volti 3.2 hivi na mkondo wa ampea 0.02. Betri kavu nne zilizofuatana hutoa volti 6. Volti 2.8 zilizozidi lazima ziishie kwenye rezista, na kwa kanuni ya Ohm ukinzani wake ni 2.8 ÷ 0.02, yaani omu 140. Ya madukani iliyo karibu ni ya omu 150. Asiyefanya hesabu ataiunguza diodi, na hasara yake ni ndogo kuliko nauli ya daladala.

Kipimo hichohicho cha gharama ya kosa ndicho kinachoziondoa mada nyingine, hata zikiwa zinapendwa mno na vijana. Betri ya simu ikitobolewa huweza kulipuka moto. Umeme wa nyumbani wa volti 230 huua. Kuyeyusha risasi ya betri kuukuu za magari hakufai kabisa, kwani sumu yake hudhuru ubongo, hasa wa watoto.

Kuhusu muda, yatosha kusema kwamba kazi isiyomalizika katika saa tatu igawanywe, na kila sehemu itoe kitu kinachofanya kazi.

Mahali pa kutafuta mada zaidi ni mlangoni. Liwekwe daftari, na kila mtu wa mtaa aletaye kitu kilichoharibika aandikwe: pampu ya baiskeli, cherehani, redio, taa ya sola isiyowaka. Fundi wa mtaa aalikwe kulisoma pamoja na mwalimu, na alipwe kwa siku yake kama mtaalamu mwingine yeyote. Fundi atasema kipi hutengenezeka. Mwalimu atatafuta ndani yake kitu cha kupima. Taa za sola zikiletwa sita kwa mwezi mmoja, muhula ujao una mada yake, na swali la kwanza limekwisha kujulikana: je, kilichokufa ni betri, ni paneli, au ni waya uliokatika?