Sauti ya Nani? Mitindo ya Filamu za Hali Halisi na Nafasi ya Lugha ya Wahusika

1.0 Utangulizi

Filamu ya hali halisi huchukuliwa na watazamaji wengi kuwa kinyume cha filamu ya kubuni. Hudhaniwa kwamba katika filamu ya kubuni kuna mtunzi, waigizaji na hadithi, ilhali katika filamu ya hali halisi kuna kamera na ukweli tu. Dhana hiyo ina kasoro. Kila filamu ya hali halisi ni matini iliyotungwa: mtu ameamua kamera isimame wapi, nani aulizwe, nani asiulizwe, kipande kipi kitangulie na kipi kitupwe. Kwa hiyo hoja ya msingi kwa mhakiki haiishii katika kuuliza iwapo filamu ni ya kweli au ni ya uongo. Anapaswa pia kuuliza ni mbinu zipi zimetumika kuujenga ukweli huo, na ni nani aliyepewa mamlaka ya kuutamka.

Makala haya yanajadili mitindo mikuu ya filamu za hali halisi kwa kuzingatia kipengele kimoja ambacho mwanafunzi wa lugha na fasihi ana nyenzo za kukichambua, yaani sauti. Inadaiwa hapa kwamba tofauti kubwa zaidi baina ya mitindo hiyo imo katika namna kila mtindo unavyogawa haki ya kusema. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Afrika ya Mashariki, ambako suala la nani aseme, na aseme kwa lugha gani, limezua mgogoro tangu miaka ya 1930 hadi karne hii.

2.0 Uainishaji wa Mitindo

Neno la Kiingereza linalotumika kwa filamu za aina hii lilienezwa na John Grierson, Mskoti aliyelitumia mwaka 1926 alipokuwa akiihakiki filamu ya Moana ya Robert Flaherty. Grierson mwenyewe hakudai kwamba filamu hizo ni nakala ya maisha. Kwake zilikuwa ni usanii unaotumia mambo halisi kama malighafi. Filamu iliyotangulia ya Flaherty, Nanook of the North (1922), inaithibitisha kauli hiyo. Filamu hiyo ilipigwa miongoni mwa Wainuit wa kaskazini mwa Kanada na kugharimiwa na kampuni ya biashara ya manyoya. Mhusika mkuu hakuitwa Nanook. Nyumba ya barafu ilijengwa nusu ili mwanga uingie, na wawindaji walioonyeshwa wakitumia mikuki walikuwa tayari wamezoea bunduki. Flaherty alinuia kuonyesha maisha ya kale, nao wahusika walishiriki kuyaigiza. Walichokosa ni nafasi ya kuyaeleza: filamu ilikuwa bubu, na maandishi yote yaliyofafanua picha yalikuwa ya upande mmoja.

Uainishaji unaorejelewa zaidi na wataalamu ni ule wa Bill Nichols. Katika kitabu chake cha mwaka 1991 alibainisha mitindo minne, na katika kile cha mwaka 2001 akafikisha sita. Kwa Kiswahili mitindo hiyo inaweza kuitwa wa kishairi, wa kiufafanuzi, wa kiushuhudiaji, wa kishirikishi, wa kijirejelezi na wa kinafsi. Mtindo wa kishairi hutegemea mahadhi, umbo na uwiano wa picha kuliko hoja. Mtindo wa kijirejelezi huifichua kazi yenyewe ya utengenezaji; mfano wake maarufu ni filamu ya Dziga Vertov ya mwaka 1929 kuhusu mtu mwenye kamera, ambamo mtazamaji humwona mpigapicha akipiga picha na mhariri akikata na kuunganisha utepe. Mtindo wa kinafsi hujengwa juu ya tajiriba na hisia za mtunzi mwenyewe. Mitindo mitatu iliyosalia ndiyo inayohusu zaidi suala la sauti, nayo inajadiliwa kwa kina hapa chini. Ifahamike kwamba filamu moja huweza kuchanganya mitindo kadhaa; uainishaji huu ni chombo cha uchambuzi tu.

3.0 Mtindo wa Kiufafanuzi: Msimulizi Asiyeonekana

Katika mtindo wa kiufafanuzi, sauti ya msimulizi asiyeonekana huongoza filamu nzima. Msimulizi huuliza swali, hutoa jibu, na picha huletwa kama ushahidi wa kauli yake. Mbinu zake ni maelezo yaliyoandikwa mapema, uhariri unaofuata mantiki ya hoja badala ya mfululizo wa wakati, na muziki unaoelekeza hisia. Mtindo huu una manufaa yake. Huweza kufupisha historia ndefu kwa dakika chache na kueleza mambo ambayo kamera haiwezi kuyaona, kama vile sababu za mporomoko wa bei ya zao fulani. Udhaifu wake ni kwamba watu wanaoonekana hugeuka kuwa vielelezo vya hoja ya mtu mwingine.

Historia ya Tanganyika inatoa mfano bayana. Kati ya mwaka 1935 na 1937 uliendeshwa mradi wa majaribio ya sinema ya elimu kwa Waafrika, makao yake yakiwa Vugiri katika milima ya Usambara. Chini ya uongozi wa L. A. Notcutt na G. C. Latham, mradi huo ulitengeneza filamu 35 za mafunzo kuhusu afya, kilimo, kodi na uwekaji wa fedha. Nyingi zilikuwa na maigizo ndani yake, lakini lengo lake lilikuwa la kiufafanuzi. Sauti haikuwamo katika utepe wa picha. Ilirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili na lugha nyingine kadhaa, ikapigwa sambamba na picha. Kwa hiyo picha zilezile ziliweza kubadilishiwa lugha kulingana na hadhira. Kiswahili kilisikika, lakini kama chombo cha kupokelea maagizo. Mkulima aliyeonekana kwenye picha hakuwa chanzo cha maarifa yaliyotolewa.

Baada ya mwaka 1939, Kitengo cha Filamu za Makoloni cha Serikali ya Uingereza kiliendeleza kazi ya namna hiyo. William Sellers, aliyekiongoza, alishikilia kwamba watazamaji wa Kiafrika hawawezi kufuata mikato ya haraka wala mbinu za kuruka wakati. Kwa hiyo picha zilitakiwa ziwe ndefu na za polepole. Nadharia hiyo ilitokana na dharau kuliko uchunguzi, lakini iliathiri umbo la filamu zenyewe.

Jambo ambalo waasisi wa mfumo huo hawakuweza kulidhibiti kikamilifu ni mfafanuzi aliyefuatana na gari la sinema. Huyu alisimama kando ya kiwambo na kuwaeleza watazamaji kwa lugha yao yanayotendeka. Alikuwa na muswada, lakini pia alikuwa na ulimi wake. Aliweza kuongeza methali, kufanya mzaha, au kuacha jambo ambalo hadhira ingelichukia. Desturi hiyo haikufa pamoja na ukoloni. Wafasiri wa filamu katika vibanda vya video vya Dar es Salaam na Kampala wameiendeleza kwa namna yao. Mtafiti wa fasihi simulizi atatambua hapa fanani anayeitawala matini iliyotungwa na mwingine.

4.0 Mtindo wa Kiushuhudiaji: Kumwondoa Msimulizi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, kamera nyepesi za milimita 16 na vinasa sauti vya kubebeka viliwezesha picha na sauti kunaswa kwa pamoja nje ya studio. Nchini Marekani, Robert Drew na wenzake walitengeneza Primary (1960), wakimfuata John F. Kennedy na Hubert Humphrey katika kampeni za Wisconsin. Frederick Wiseman alifuata mkondo huo katika Titicut Follies (1967), kuhusu taasisi ya wafungwa wenye maradhi ya akili. Filamu yake haina msimulizi, haina mahojiano, haina muziki wa nyongeza. Mtazamaji huachwa atafute maana mwenyewe.

Hata hivyo, kumwondoa msimulizi si sawa na kuondoa mtazamo. Msimamo wa mtunzi huhamia kwenye chumba cha uhariri, ambako saa nyingi za picha hupunguzwa kuwa filamu moja. Tofauti ni kwamba hoja haitamkwi, na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuipinga.

Kwa upande wa lugha, mtindo huu ulileta mabadiliko makubwa. David na Judith MacDougall, katika To Live with Herds (1972) miongoni mwa Wajie wa kaskazini mashariki mwa Uganda, na baadaye katika filamu zao tatu kuhusu Waturkana wa Kenya, waliyaacha mazungumzo ya wahusika yasikike kama yalivyo na kuyaandikia tafsiri chini ya picha. Kabla ya hapo, filamu nyingi za kianthropolojia ziliifunika sauti ya mhusika kwa sauti ya mtaalamu. Maandishi ya tafsiri yalimfanya mfugaji aonekane kuwa mtu mwenye hoja, kejeli na busara, wala si kiumbe anayefafanuliwa tu. Hata hivyo, tafsiri yenyewe ni uhariri: nafasi chini ya picha ni finyu, na fumbo la maneno kumi huweza kubaki maneno matatu.

Mfano wa Kitanzania ni These Hands (1992) ya Flora M'mbugu-Schelling, kuhusu wanawake wakimbizi kutoka Msumbiji wanaoponda mawe kuwa kokoto pembezoni mwa Dar es Salaam. Filamu haina msimulizi na maneno yake ni machache. Mlio wa nyundo juu ya jiwe, unaorudiwarudiwa, ndio unaobeba maana. Hapa mtindo wa kiushuhudiaji unakaribiana na ule wa kishairi: urudiaji wa sauti na tendo unafanya kazi inayofanana na ya kibwagizo katika wimbo wa kazi. Mtazamaji haambiwi kwamba kazi ni ngumu. Anakaa nayo hadi achoke.

5.0 Mtindo wa Kishirikishi: Kuuliza na Kuulizwa

Katika mtindo wa kishirikishi, mtunzi hakubali kujifanya hayupo. Huuliza, hujibiwa, na wakati mwingine hupingwa mbele ya kamera. Jean Rouch wa Ufaransa ndiye anayetajwa zaidi. Katika Moi, un noir (1958), iliyopigwa Abidjan bila sauti ya moja kwa moja, alimwomba mhusika wake mkuu, Oumarou Ganda kutoka Niger, azitazame picha na kuzitungia maelezo yeye mwenyewe. Ganda baadaye akawa mwongozaji wa filamu. Katika Chronique d'un été (1961), Rouch na Edgar Morin waliwaonyesha wahusika picha zao na kuwanasa wakibishana iwapo walikuwa wakweli au waliigiza.

Ushirikishwaji huo haukumwepusha Rouch na lawama. Mwaka 1965, katika mazungumzo yao, Ousmane Sembène wa Senegal alimweleza bayana kwamba alikuwa akiwatazama Waafrika kama wadudu. Lawama hiyo inafunza kwamba kumpa mhusika nafasi ya kusema hakutoshi, iwapo swali, kamera na uhariri vimebaki mikononi mwa mtu mmoja.

6.0 Uchunguzi wa Mfano: Darwin's Nightmare

Filamu ya Hubert Sauper, Darwin's Nightmare (2004), yaani Jinamizi la Darwin, ilipigwa Mwanza na maeneo ya jirani. Inahusu biashara ya sangara, samaki aliyepandikizwa katika Ziwa Viktoria katikati ya karne ya 20. Filamu ilisifiwa Ulaya na kuteuliwa kugombea tuzo ya Oscar. Nchini Tanzania ilizua hasira: mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani, na maandamano ya kuipinga yakafanyika Mwanza. Nchini Ufaransa mwanahistoria François Garçon aliishambulia. Mwaka 2008 mahakama ya Paris ilimwona ana hatia ya kumkashifu Sauper.

Mjadala ulihusu zaidi ukweli wa madai mawili: kwamba ndege zinazobeba minofu kwenda Ulaya hushiriki katika usafirishaji wa silaha, na kwamba wenyeji huachiwa mapanki. Uchambuzi wa mbinu unaonyesha kwa nini mjadala huo haukuweza kuisha. Filamu haina msimulizi. Ina maandishi machache, mahojiano, na mikato inayoweka picha mbili kando kando. Mapanki yenye funza yanawekwa karibu na minofu myeupe kiwandani. Uhusiano wa sababu na matokeo hautamkwi. Mtazamaji huujenga mwenyewe, kisha akaamini kwamba ameuona. Aliyetaka kuikanusha filamu hakupata sentensi ya kuikanusha, na aliyetaka kuitetea aliweza kusema kwamba filamu haikudai jambo hilo.

Kipengele cha lugha hakikupewa uzito unaostahili. Mlinzi wa usiku, ambaye ni miongoni mwa wahusika wanaokumbukwa zaidi, anaongea na Sauper kwa Kiingereza cha kubahatisha. Anapoeleza kwamba vita vingemletea mtu kazi na mshahara, sentensi zake ni fupi na kavu, nazo zinatisha. Haiwezekani kujua angeyasema vipi kwa lugha anayoimudu, ambamo angeweza kutumia takriri, tasfida au kejeli. Ukali wa maneno yake kwa sehemu ni ukali wa mtu aliyepungukiwa maneno. Kwa mtazamaji wa Ulaya, upungufu huo umesomeka kama ukweli uliovuliwa nguo. Hili halibatilishi umaskini ulioonyeshwa, kwani umaskini huo ulikuwapo. Linaonyesha tu kwamba uchaguzi wa lugha ya mahojiano ni mbinu ya kifilamu sawa na uchaguzi wa lenzi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kila mtindo wa filamu za hali halisi una namna yake ya kugawa haki ya kusema. Mtindo wa kiufafanuzi humnyima mhusika sauti waziwazi. Wa kiushuhudiaji humpa sauti lakini humficha anayehariri. Wa kishirikishi humpa nafasi ya kujibu, si lazima ya kuuliza. Hakuna mtindo ulio mwaminifu kwa asili yake. Mtazamaji anayemjua msimulizi wa Vugiri anaweza angalau kubishana naye, ilhali mbele ya mkato usio na maneno hana wa kubishana naye.

Kutokana na hayo, inapendekezwa kwamba filamu hizi zifundishwe katika idara za Kiswahili kama matini, zikichambuliwa kwa vigezo vya usimulizi, mtazamo na tafsiri. Wanafunzi walinganishe maneno ya wahusika na maandishi ya tafsiri yaliyo chini ya picha, na kuorodhesha yaliyopotea. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji sikio linalojua Kiswahili, na hilo ndilo ambalo wahakiki wengi wa filamu kuhusu Afrika ya Mashariki wamelikosa.