Vifundo na Nyuzi za Barabara Zetu

Hebu chukueni kalamu na karatasi. Choreni vifundo vitano: Mjini, Westlands, Uthiru, Kawangware na Dagoretti Corner. Sasa viungeni kwa nyuzi. Waiyaki Way inatupa mbili: Mjini hadi Westlands, kisha Uthiru. Naivasha Road mbili vilevile: Uthiru hadi Kawangware, halafu Dagoretti Corner. Ngong Road inaturudisha Mjini. Ongezeni Kawangware hadi Mjini kupitia Valley Road, na Kawangware hadi Westlands kupitia James Gichuru. Jumla nyuzi 7.

Mchoro huu wanahesabu huuita grafu (si ile ya darasani yenye x na y!). Kona na urefu havina kazi hapa. Twatazama tu nani ameungana na nani.

Je, mkaguzi wa barabara aweza kupita nyuzi zote bila kurudia hata moja? Mwaka wa 1736 Leonhard Euler, Mswisi, alijibu swali kama hilo kuhusu madaraja 7 ya Königsberg, mji uitwao leo Kaliningrad, nchini Urusi. Aliona hivi: kila ukipita kwenye kifundo, unaingia kwa uzi mmoja na kutoka kwa mwingine. Basi nyuzi hutumika mbili mbili. Kifundo chenye nyuzi witiri lazima kiwe mwanzo au mwisho wa safari. Königsberg ilikuwa na vifundo vinne na vyote witiri, kwa hiyo haiwezekani ng'o!

Kwetu je? Mjini 3, Westlands 3, Uthiru 2, Kawangware 4, Dagoretti Corner 2. Witiri ni viwili tu. Mkaguzi aanze Mjini, aende Dagoretti Corner, Kawangware, Mjini tena, Westlands, Uthiru, Kawangware, amalizie Westlands. Hesabuni wenyewe.

Lakini kuna jambo zito zaidi ya kupitapita. Ramani ya matatu iliyotolewa mwaka wa 2014 na mradi wa Digital Matatus, ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Nairobi, ilionyesha njia zaidi ya 130, nyingi zikikutana katikati ya jiji. Futeni Mjini kwenye mchoro wenu: vifundo vinne vilivyobaki bado vimeungana. Sasa futeni Kawangware pia, tuseme mvua imeziba njia. Westlands na Uthiru bado wanatembeleana, lakini Dagoretti Corner imebaki peke yake, na mgonjwa wa huko hana pa kupitia. Ni uzi gani mmoja mngeongeza ili asikwame?